Panya Ni Shahidi, Si Hakimu

Wiki iliyopita, mara tu baada ya mazungumzo haya kumalizika hewani, nilipigiwa simu na dada mmoja ambaye baba yake ni mgonjwa wa moyo. Alizungumza kwa haraka kama mtu anayeliona basi linaondoka kituoni. "Kaka," aliniambia, "nimesikia wataalamu wamewachoma panya sindano ya protini, na mafuta yaliyokuwa yanaziba mishipa yao yamepungua. Sindano hiyo inapatikana wapi? Mzee amechoka kumeza kidonge kila usiku. Anasema bora akiache aisubiri hiyo."

Nilimwomba mambo matatu. Kwanza, mzee asiache dawa yake kabla ya kuonana na daktari wake. Pili, anisomee jina lililoandikwa kwenye pakiti ya kidonge hicho, akanisomea: simvastatini. Tatu, anipe wiki moja.

Leo natimiza ahadi. Habari aliyoisikia dada huyo si ya uongo. Panya walichomwa sindano kweli, na mishipa yao ilipata nafuu kweli. Lakini ni habari ya zamani kuliko alivyodhani, na ina mwisho ambao hakusimuliwa. Aliyemsimulia alishuka njiani, safari bado ndefu.

Ndugu wasikilizaji, tuanze na ugonjwa wenyewe. Kila mpishi anaujua ukoko wa wali chini ya sufuria. Watu wengi hudhani mafuta huganda ndani ya mshipa wa damu kwa namna hiyo hiyo, yakashika juu ya ukuta, na kwamba ukipata kitu cha kusugulia utayatoa. Sivyo. Ukoko wa mshipa hujijenga ndani ya ukuta wenyewe. Lehemu, ambayo hospitalini huitwa kolesteroli, hupenya ukutani. Seli nyeupe za damu huja kuimeza kama zinavyomeza vijidudu. Zikishiba kupita kiasi hufia humo humo, na lundo hukua mwaka hadi mwaka. Mwenye mshipa hasikii chochote. Siku lundo hilo linapopasuka, damu huganda juu yake na njia huziba kwa dakika chache. Likipasukia kwenye mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Likipasukia kwenye mishipa inayolisha ubongo, hicho ni kiharusi.

Kwamba lehemu ndiyo yenye kesi hapa, dunia ilianza kuonyeshwa mwaka 1913 mjini St. Petersburg, Urusi. Kijana mmoja daktari, Nikolai Anitschkow, pamoja na mwenzake Semen Chalatow, waliwalisha sungura lehemu iliyotolewa katika viini vya mayai, na mishipa ya sungura hao ikaota ukoko kama wa binadamu. Hata wakati ule wapo waliokataa. Walisema sungura ni mla majani, amelishwa kitu kisicho chake, basi ushahidi wake haufai. Shikeni hoja hiyo. Tutakutana nayo tena mbele.

Sasa, damu ni maji, na mafuta hayachanganyiki na maji. Kwa hiyo mwili huyafunga mafuta katika vifurushi vilivyovikwa protini. Vifurushi viitwavyo LDL huipeleka lehemu sehemu mbalimbali za mwili, na vikizidi ndivyo vinavyopenya ukutani. Vifurushi vingine, HDL, huizoa lehemu ya ziada na kuirudisha kwenye ini, ambako hutupwa pamoja na nyongo. Tuseme LDL ni mikokoteni inayoleta mzigo mtaani, na HDL ni mikokoteni ya kuzoa taka. Mwaka 1977 utafiti mkubwa wa mji wa Framingham, huko Marekani, ulionyesha kwamba watu wenye HDL nyingi walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko wenye HDL haba. Tangu hapo HDL ikapewa jina la lehemu njema. Protini kubwa inayoviunda vifurushi hivyo vya HDL inaitwa apolipoprotini A-I. Tutaiita apo A-I kwa kifupi, maana ndiyo mhusika mkuu wa hadithi yetu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, mfanyakazi mmoja wa reli alipimwa damu mjini Milan, Italia. Majibu yake yaliwashangaza madaktari. HDL yake ilikuwa chini mno, na mafuta mengine ya damu yalikuwa juu. Kwa hesabu zote zilizojulikana, mtu huyu alipaswa kuwa mgonjwa. Lakini mishipa yake ilikuwa safi. Profesa Cesare Sirtori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Milan hawakuridhika kuandika "ajabu" kwenye faili na kulifunga. Walimchunguza yeye na watoto wake, na mwaka 1980 wakatangaza walichokiona: apo A-I ya ukoo huu ilikuwa na kasoro ndogo. Protini hiyo ni kama mkufu wenye pingili 243. Katika pingili ya 173, badala ya asidi amino iitwayo ajinini, palikuwa na nyingine iitwayo sisteini. Pingili moja tu kati ya 243. Wakaipa jina la mji wao: apo A-I Milano.

Bwana huyo hakuwa mzaliwa wa Milan. Asili yake ni Limone, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia. Hadi barabara ya kandokando ya ziwa ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kijiji hicho kilifikiwa kwa mashua au kwa njia za mlimani. Watu walioana wao kwa wao kwa vizazi vingi. Madaktari walikwenda huko wakapima damu ya wanakijiji, ambao idadi yao ilikuwa kama elfu moja, wakawapata zaidi ya thelathini wenye protini ile. Walipofuatilia nasaba, wote waliangukia ukoo mmoja wa karne zilizopita. Na wote, pamoja na HDL yao ya chini, mioyo yao haikuonyesha madhara yaliyotarajiwa.

Ni rahisi kuelewa tamaa iliyowaingia watu. Huenda mikokoteni ya taka ya watu hawa ilikuwa michache, lakini yenye nguvu kuliko ya wengine. Basi kwa nini protini hiyo isitengenezwe kiwandani, wakachomwa wale ambao hawakujaliwa kuzaliwa Limone? Ila watu thelathini na kitu ni wachache mno kuthibitisha jambo. Huwezi pia kumpasua mtu mzima mshipa ili uone ndani kuna nini. Ndipo alipoitwa panya.

Hapa kuna kikwazo ambacho wengi hawakijui. Panya mdogo wa maabara, akiachwa kama Mungu alivyomuumba, haugui ukoko wa mishipa. Lehemu yake nyingi husafiri katika HDL, na ukimpa chakula cha kawaida atakufa mzee na mishipa yake ikiwa safi. Ili awe shahidi katika kesi hii ilibidi kwanza afanywe mgonjwa. Mwaka 1992 makundi mawili ya watafiti wa Marekani, moja la Nobuyo Maeda huko North Carolina na jingine la Jan Breslow huko New York, yalifaulu kuwatengeneza panya walionyang'anywa jeni ya protini nyingine, apo E, inayosaidia kuyaondoa mafuta katika damu. Lehemu yao ilipanda mara tano na zaidi ya panya wa kawaida. Katika miezi michache tu mishipa yao ilijaa ukoko ambao kwa binadamu huchukua miaka arobaini au hamsini kujengeka.

Mwaka 1998 Dakta Prediman Shah na wenzake wa hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo bila shaka ndilo mama wa habari aliyoisikia dada yetu. Waliwachukua panya wa aina hiyo, tayari wana ukoko, wakaendelea kuwalisha chakula chenye lehemu nyingi. Baadhi yao walichomwa apo A-I Milano ya kutengenezwa, siku moja ndiyo na ya pili sivyo, kwa wiki tano, jumla sindano 18. Wenzao hawakupewa protini hiyo. Mwisho wa wiki tano mishipa ilipimwa. Kwa panya wasiopewa protini, ukoko ulikuwa umeongezeka. Kwa waliopewa, haukuongezeka. Na mafuta pamoja na seli zilizovimbiana ndani ya ukoko huo yalikuwa yamepungua. Mwaka 2001 kundi hilo hilo likaonyesha kwamba hata sindano moja tu, yenye kipimo kikubwa mara kumi, ilipunguza mafuta ndani ya ukoko katika saa 48.

Saa 48! Fikirini jambo hilo lilivyopokelewa. Ugonjwa wa nusu karne kupata nafuu kwa siku mbili. Kampuni ndogo ya Michigan iitwayo Esperion, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1998, ilikuwa imeichukua protini hiyo ili kuipeleka kwa binadamu.

Mwezi Novemba 2003 majibu ya binadamu yakatoka. Wagonjwa waliokuwa wametoka kupata matatizo ya moyo karibuni walitundikiwa dripu mara moja kwa wiki, kwa wiki tano. Wengine walipewa protini, wengine maji ya chumvi. Kabla na baada, madaktari walipitisha ndani ya mshipa wa moyo kifaa chembamba cha mawimbi ya sauti kinachopima unene wa ukoko. Kwa waliopewa protini, ukoko ulipungua kwa asilimia 4.2. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona ukoko wa binadamu ukirudi nyuma kwa muda mfupi namna ile. Magazeti ya dunia yalishangilia, na mwezi uliofuata kampuni kubwa ya Pfizer ikatangaza kuinunua Esperion kwa dola bilioni 1.3.

Lakini hebu tuhesabu vichwa. Waliomaliza jaribio lile walikuwa 47 tu, na kati yao 11 ndio waliopewa maji ya chumvi. Watafiti wenyewe waliandika kwamba matokeo yale yalihitaji kuthibitishwa kwa jaribio kubwa zaidi. Maneno hayo ya tahadhari hayakufika kwenye vichwa vya habari. Yangefikaje? Sisi waandishi tunajua kichwa kipi cha habari huuza gazeti. Na katika hili nasema "sisi" kwa makusudi.

Kisha pakawa kimya. Protini si kidonge cha kugonga kwa mashine. Ilikuwa ikitengenezwa na bakteria, isafishwe, ichanganywe na mafuta maalumu, kisha mgonjwa atundikiwe mishipani. Kwa kipimo cha juu cha jaribio lile, mtu wa kilo 70 alihitaji zaidi ya gramu tatu kila wiki. Mwaka 2009 dawa ilihama mikono, ikaenda kwa kampuni nyingine ya Marekani iliyoisafisha upya na kuijaribu tena kwa wagonjwa 122. Majibu yalitangazwa mwaka 2016: waliopewa protini hawakuwazidi waliopewa dripu tupu. Kampuni ikaifunga kazi hiyo.

Ikabaki swali moja. Labda tatizo ni ile ya Milano. Je, apo A-I ya kawaida, iliyotolewa katika damu ya watu waliojitolea, haiwezi kufaa? Kampuni ya CSL ya Australia ililijibu swali hilo kwa jaribio ambalo hakuna anayeweza kulilalamikia udogo. Wagonjwa 18,219 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, katika nchi 49, walitundikiwa dripu nne, moja kila wiki. Matokeo yalitoka mwezi Aprili 2024. Katika siku 90, waliofariki kwa maradhi ya moyo na mishipa, au kupata mshtuko wa moyo mwingine au kiharusi, walikuwa asilimia 4.8 kwa waliopewa protini, na asilimia 5.2 kwa wasiopewa. Tofauti ndogo kiasi hicho ingeweza kuletwa na bahati tu, na kwa kanuni walizojiwekea watafiti wenyewe haikuhesabiwa kuwa ushindi.

Hivyo basi, je, panya walidanganya? Hapana. Panya walijibu swali waliloulizwa. Waliulizwa: kwa mnyama aliyenyang'anywa jeni, anayelishwa mafuta, mwenye ukoko mchanga wa miezi michache, asiyepewa dawa nyingine yoyote, je, protini hii inasaidia? Wakajibu ndiyo. Binadamu aliulizwa swali jingine. Aliulizwa: kwa mtu wa miaka sitini, mwenye ukoko wa miongo mingi ulioota makovu na chokaa, ambaye tayari anameza vidonge vizuri vya kupunguza lehemu, je, protini hii inaongeza kitu? Akajibu hapana. Majibu yote mawili ni ya kweli. Kosa ni letu tuliochukua jibu la swali la kwanza tukalibandika kwenye swali la pili.

Na hata lile jina la lehemu njema limepoteza mng'aro. Mwaka 2012 uchunguzi wa vinasaba vya maelfu ya watu ulionyesha kwamba waliozaliwa na jeni fulani ya kuongeza HDL hawakuwa na kinga zaidi ya mshtuko wa moyo kuliko wenzao. Inaelekea HDL nyingi mara nyingi ni dalili tu ya mwili wenye afya, si lazima iwe ndiyo inayoileta afya hiyo. Jogoo huwika alfajiri, lakini si yeye anayelivuta jua.

Sasa ngojeni niwape upande wa pili wa shilingi, maana msije mkaondoka hapa mkisema kupima dawa kwa wanyama ni kazi bure.

Mwaka 1971 mtaalamu wa Kijapani aitwaye Akira Endo, wa kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, alianza kutafuta katika kuvu kitu kitakachozuia mwili kutengeneza lehemu. Alichunguza aina zaidi ya 6,000. Mwaka 1973 alikipata, katika kuvu ya buluu iliyokuwa imeota kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Kwenye chupa za maabara kilifanya kazi vizuri mno. Akawapa panya wakubwa. Lehemu yao haikushuka. Kwa desturi za viwanda vya dawa, hapo ndipo mazishi hufanyika. Lakini Endo hakukubali kuzika kabla ya kujua chanzo cha kifo. Alijiuliza kama panya ndiye shahidi anayefaa, kwa kuwa lehemu ya panya haisafiri katika damu kama ya binadamu. Mwanzoni mwa mwaka 1976 mwenzake alimkubalia dawa ile ijaribiwe kwa kuku wanaotaga, ambao hutengeneza lehemu nyingi kwa ajili ya mayai. Lehemu ya kuku ikashuka. Wakajaribu kwa mbwa, ikashuka. Hatimaye kwa binadamu, ikashuka.

Kutokana na ugunduzi huo likazaliwa kundi zima la dawa ziitwazo statini. Mwaka 1994 yakatoka majibu ya jaribio la nchi za Skandinavia, lililowafuatilia wagonjwa wa moyo 4,444 kwa zaidi ya miaka mitano. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, walikufa 256. Kati ya waliopewa statini, walikufa 182. Nusu walipewa hiki na nusu kile, kwa hiyo hesabu ni rahisi: tofauti ni makaburi 74. Statini iliyotumika katika jaribio hilo ilikuwa simvastatini.

Naam, ndugu wasikilizaji, mmelisikia jina. Ni kile kile kidonge cha usiku ambacho mzee wetu alitaka kukitupa akisubiri sindano. Kidonge anachokichoka kina babu aliyeshindwa kwa panya akafaulu kwa watu. Sindano anayoitamani ilifaulu kwa panya ikashindwa kwa watu. Angekuwa amekiacha cha kweli kwa ajili ya kivuli.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu mzee yule hayuko peke yake. Panda basi lolote la mjini asubuhi, hutakosa kijana mwenye begi la chupa anayetangaza dawa ya kuzibua mishipa, kwamba imethibitishwa na wataalamu wa ng'ambo. Safari hii msibishane naye. Muulizeni maswali matatu tu. Imethibitishwa kwa nani, panya au watu? Watu wangapi? Na ililinganishwa na nini? Akiweza kuyajibu matatu hayo, mleteni studioni, nitampisha kiti changu.

Maswali hayo hayo tuulizeni na sisi waandishi. Mkisikia redioni, au mkisoma katika ukurasa kama huu, kwamba ugonjwa fulani umepatiwa dawa, na panya akatajwa kwenye sentensi ya pili, jueni kwamba kesi ndiyo kwanza imefunguliwa. Panya ni shahidi wa kwanza, na mara nyingi ni shahidi mwaminifu. Lakini hukumu hutolewa na watu, maelfu yao, waliokubali kutundikiwa dripu bila kujua kama ndani yake mna dawa au hamna. Wale 18,219 hawakupata walichokitarajia, ila wametuondolea sisi sote miaka ya kusubiri kitu kisichokuja. Nao tuwashukuru.

Jana jioni nilimpigia dada yule, nikamsimulia yote haya kwa ufupi. Mzee alikuwa karibu, akaomba simu. Alisikiliza kimya mpaka nikamaliza habari ya kuku wa Kijapani, kisha akacheka. "Basi mwanangu," akasema, "nitakimeza. Lakini huyo Mjapani angekitia japo utamu kidogo."